Ngazi Zilizofukia Udongo Mweusi: Uchambuzi wa Kisa cha Shamba Moja la Mteremko, Uluguru

Kisa hiki kinahusu shamba moja lililoko upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, ambalo lilichimbwa matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo, kisha likashindwa kumlisha mwenyewe katika msimu uliofuata. Jina la kijiji, la mradi na la wahusika yameondolewa, pamoja na mambo mengine ambayo yangeweza kumtambulisha mkulima. Mwandishi ndiye afisa ugani aliyepima ngazi hizo, kwa hiyo sehemu ya makosa yanayochambuliwa hapa ni yake mwenyewe. Wanaolengwa ni maafisa ugani na viongozi wa vikundi vya wakulima wanaofanya kazi katika maeneo ya milima.

Usuli wa shamba na watu wake

Upande wa mashariki wa Uluguru hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi, kwa sababu ndio unaozikabili pepo zinazotoka Bahari ya Hindi. Maji ya mteremko huo huingia katika Mto Ruvu, ambao jiji la Dar es Salaam linautegemea kwa sehemu kubwa ya maji yake, na kwa hiyo udongo unaoporomoka milimani huwa ni hasara ya mkulima na pia malalamiko ya watu walio mbali ambao hawajawahi kuliona shamba lenyewe. Miradi mingi ya hifadhi ya udongo imepita huku kwa sababu hiyo, na si yote iliyoanza kwa kuuliza mkulima anakula nini.

Mkulima wa kisa hiki ni mwanamke wa makamo mwenye watoto wanne. Shamba lake halizidi ekari moja na alikabidhiwa na ukoo wa mama yake, kwani kwa desturi ya Waluguru ardhi ya ukoo hupita upande wa kike, na msemaji wa ardhi hiyo ni mjomba wake, mzee aliyekuwa na sauti ya mwisho katika kila jambo lililohusu mpaka au mti wa kudumu. Mume wake alilima pamoja naye, lakini shamba halikuwa la ukoo wake. Walipanda mahindi na maharage, wakichanganya na mihogo na migomba michache.

Zamani sehemu hiyo ililimwa miaka michache kisha ikaachwa ipumzike hadi vichaka virudi. Watu walipoongezeka na mpaka wa msitu wa hifadhi ukabaki palepale, muda wa kupumzisha ulifupishwa hadi ukaisha kabisa. Shamba likawa linafyekwa, linachomwa moto na kulimwa kila mwaka, na mvua za kwanza za masika zilikuta ardhi ikiwa tupu, haina hata jani la kupokea tone la maji. Dalili zilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuziona: mizizi ya migomba ilining'inia hewani upande wa chini, na kulikuwa na jiwe ambalo mkulima alisema kwamba alipokuwa binti lilichomoza kidogo tu kama kisigino, ilhali sisi tulipofika lilimfikia gotini.

Kuna jambo lingine la usuli ambalo nililichukulia kuwa ni historia tu, nami nikakosea. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru uliowalazimisha wananchi kuchimba matuta ya ngazi. Watu waliuchukia, na mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, mpango ukaachwa. Wazee wa kijiji walilijua neno "ngazi" tangu wakati huo, na waliposikia kwamba mradi umekuja na ngazi, walinyamaza. Mimi nikauchukua ukimya ule kuwa ni kukubali.

Mfululizo wa matukio

Mradi ulianza na mafunzo ya siku tatu na kugawa vifaa: majembe, sururu na makoleo. Kila kikundi kiliahidiwa vifaa zaidi kulingana na mita za ngazi kitakazokuwa kimechimba kabla ya mvua za vuli. Shamba la mkulima huyu lilichaguliwa kuwa shamba darasa kwa kuwa lilikuwa kando ya njia na lilionekana vizuri, na yeye mwenyewe aliridhia baada ya kushauriana na mjomba wake. Mzee alikubali kwa sharti moja: pembe moja ya chini, penye kaburi la bibi wa ukoo, isiguswe.

Mwezi wa Septemba tulipima mistari ya kontua, yaani mistari inayokata mteremko bila kupanda wala kushuka, kwa fremu ya A, yaani miti mitatu iliyofungwa kwa mfano wa herufi hiyo, yenye jiwe linaloning'inia kwenye kamba katikati. Mteremko ulikuwa mkali, ukishuka karibu mita 1 kwa kila mita 2 za kwenda mbele. Tuliamua ngazi ziwe na upana wa mita 2. Zilipimwa ngazi 11, kuanzia karibu na kaburi hadi kiasi cha theluthi mbili ya shamba. Wanakikundi waligawanywa makundi, kila kundi likapewa ngazi yake, na kazi ikaendelea katika ngazi zote kwa wakati mmoja. Ilipendeza kuitazama. Ndani ya wiki chache mteremko ulikuwa umekatwa vizuri kama ngazi za msikiti, tukapiga picha na kuandika mita.

Mkulima alipanda mahindi na maharage mvua za vuli zilipoanza. Mbegu ziliota sawasawa. Kufikia wiki ya nne mimea ilikuwa imedumaa, na majani ya chini ya mahindi yalikuwa na rangi ya zambarau kwenye kingo zake. Maharage yalibaki na manjano, na tulipoyang'oa machache ili kutazama mizizi hatukukuta vinundu vya maana, vile ambavyo hulipatia haragwe nitrojeni. Katika pembe ya kaburi, ambako mkulima alikuwa amepanda mbegu ileile siku ileile, mahindi yalikuwa ya kijani na yamempita kiuno.

Mjomba alikuja shambani siku tuliyokuwa tukikagua. Alizunguka ngazi mbili, akaokota bonge la udongo, akalivunja kwa kidole gumba. "Bwana shamba," aliniambia, "udongo mweusi ni wa kula. Huu mwekundu sisi tunajengea nyumba." Hakuongeza neno.

Siku hiyohiyo tulichimba shimo katika pembe ya kaburi, kazi ambayo tungeifanya mwezi wa Septemba na ingetuchukua dakika kumi. Udongo mweusi ulikuwa na kina cha sentimita 15 hivi, na chini yake ulianza udongo mwekundu wa mfinyanzi. Kisha tulichimba katika ukingo wa mbele wa ngazi ya tano. Udongo mweusi tuliukuta mle, mzuri kabisa, umelala chini ya karibu nusu mita ya udongo mwekundu.

Masika yaliyofuata yaliongeza la pili. Udongo uliojazwa mbele ya ngazi ulipotulia ulishuka, ngazi zikainamia nje badala ya ndani, na maji yakaanza kumwagika juu ya kingo. Ngazi mbili za juu zilibomoka usiku mmoja wa mvua kubwa na kuifunika migomba iliyokuwa chini yake.

Maamuzi na sababu zake

Baada ya mavuno, kama yalistahili kuitwa mavuno, tulikaa shambani mkulima, mume wake, mjomba, mwenyekiti wa kikundi na mimi. Mjomba alitaka ngazi zibomolewe na shamba lirudi lilivyokuwa. Mradi, kupitia mimi, ulipendekeza mbolea ya dukani, na mume aliunga mkono kwa kuwa alikuwa ameiona ikifanya kazi bondeni. Mkulima hakusema haraka. Alipozungumza aliuliza swali ambalo liliamua mambo: iwapo tutabomoa, ule udongo mweusi utapanda juu wenyewe?

Jibu lilikuwa hapana, kwani kubomoa kungechanganya tabaka zote mbili na kuuacha mteremko ukiwa wazi tena mbele ya mvua. Ngazi zikabaki. Hata hivyo, hatukutaka kumwacha akitegemea mbolea ya dukani peke yake, na sababu haikuwa bei tu. Udongo mwekundu wa milimani, wenye tindikali na madini mengi ya chuma na alumini, huishika fosforasi kiasi kwamba sehemu kubwa ya mbolea inayotiwa haimfikii mmea. Tuliijaribu urea katika ngazi mbili ili mume aone kwa macho yake. Mahindi yalibadilika yakawa ya kijani, tukafurahi, kisha yakatoa magunzi mafupi yenye punje za kuhesabika, kwa sababu nitrojeni iliongezwa pale ambapo upungufu mkubwa ulikuwa wa fosforasi.

Uamuzi tuliofikia ulikuwa na sehemu tatu, nao ulifuata uwezo wa familia na si mpango wa mradi. Ngazi nne zilizokuwa mbaya kuliko zote zilipandwa marejea, mmea wa jamii ya kunde wa kurutubisha udongo, wakati wa vuli, yakakatwa yalipoanza kutoa maua na kuchanganywa na udongo kabla ya masika. Mkulima alikuwa ameyakataa marejea mwanzoni kwa hoja ambayo hakuna afisa ugani anayepaswa kuipuuza, kwamba hayaliwi, na kwamba kuyapanda ni kulima msimu mzima bila sufuria kupata kitu. Alikubali tulipokubaliana kuyaweka tu katika ngazi ambazo hazikumpa chochote, kwa kuwa humo hakuwa na cha kupoteza. Katika ngazi nyingine samadi ya mbuzi na kuku haikutawanywa. Iliwekwa ndani ya mashimo ya kupandia, konzi mbili kila shimo, pamoja na unga wa mawe ya fosfati ya Minjingu, ambao huyeyuka vizuri katika udongo wenye tindikali. Samadi ilikuwa kidogo mno kutosha shamba zima na ingetawanywa isingeonekana. Ukanda wa nyuma wa kila ngazi, ambao ndio uliokatwa kwa kina kikubwa, haukupandwa mahindi tena. Humo ulichimbwa mstari wa mashimo makubwa ya migomba na magimbi, yakajazwa majani, maganda na takataka za jikoni, kwa kuwa maji hukusanyika hapo na mimea hiyo huyapenda.

Theluthi ya juu ya shamba, ambayo haikuwa imeguswa, ilichimbwa mwaka wa pili kwa utaratibu tofauti. Ngazi nne tu, moja baada ya nyingine, tukianzia chini. Udongo mweusi wa ngazi ya kwanza uliondolewa na kurundikwa pembeni, ngazi ikasawazishwa katika udongo mwekundu, ikainamishwa kidogo kuelekea ndani, kisha ule mweusi ukarudishwa juu. Kwa ngazi ya pili haikuhitajika kurundika: udongo wake mweusi uliporomoshwa juu ya ngazi ya kwanza iliyokwisha kusawazishwa, wa tatu ukashushiwa ya pili, na kadhalika. Ngazi ya juu kabisa hubaki bila kitu katika utaratibu huu, na hilo tulimweleza mkulima kabla ya kuanza. Kingo zote zilipandwa mabingobingo, yaani majani marefu ya kulisha mifugo, na mfereji wenye nyasi ukachimbwa pembeni ili kuyashusha maji ya ziada bila kuyaruhusu yapite juu ya kingo.

Matokeo

Ngazi za mwaka wa pili zilivuna vizuri katika msimu wao wa kwanza, isipokuwa ile ya juu. Ngazi 11 za awali zilichukua muda mrefu zaidi. Zile zilizopandwa marejea zilionyesha tofauti katika mahindi yaliyofuata, ingawa hazikuifikia pembe ya kaburi, na kufikia mwaka wa nne mkulima alizihesabu ngazi sita kati ya 11 kuwa "zimerudi", neno lake mwenyewe, kwa maana ya kwamba anaweza kupanda humo maharage bila hofu. Migomba ya ukanda wa nyuma ilifaulu kuliko tulivyotarajia. Ngazi mbili zilizobomoka hazikujengwa tena. Zimeachwa kuwa uwanja wa majani ya mbuzi.

Upande wa mmomonyoko, mfereji wa njia ya miguu chini ya shamba, ambao zamani ulijaa tope kila masika na kuzolewa na wanakijiji, haukujaa tena kutoka upande huo. Katika kikundi, nusu ya wanachama waliacha kuchimba ngazi baada ya msimu wa kwanza, na waliobaki walianza kuchimba kwa njia ya kutoka chini. Mradi ulifunga kazi zake kabla ya matokeo haya kuonekana, na katika hesabu zake shamba hili liko upande wa mafanikio kwa idadi ya mita za msimu wa kwanza, yaani zile zile zilizomkosesha mkulima chakula.

Uchambuzi: ni nini kilichoharibika

Kosa la msingi linaweza kuonyeshwa kwa hesabu ya darasa la sita. Ngazi yenye upana wa mita 2, katika mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 2, hukatwa kina cha nusu mita kwenye ukingo wa nyuma, na udongo huo hujazwa mbele hadi kimo cha nusu mita. Katikati hapakatwi wala kujazwa. Kina cha kukata huongezeka kwa nusu sentimita kila unaposogea sentimita moja kuelekea nyuma, kwa hiyo udongo mweusi wenye kina cha sentimita 15 huwa umekwisha ufikapo sentimita 30 kutoka katikati, na sentimita 70 zilizobaki nyuma ni udongo mwekundu mtupu. Upande wa mbele hali si nafuu: jembe la kwanza hukata udongo mweusi, ambao hutangulia kuanguka mbele, na kila jembe linalofuata huleta mwekundu wa kuufunika. Katika mita 2 za ngazi, mkulima hubakiwa na ukanda mwembamba wa katikati ambao mmea unaweza kuota juu yake kwa kawaida. Ngazi zetu zilipimwa vizuri, zilinyooka, na ziliuzuia udongo usiondoke. Kilichobaki shambani, hata hivyo, kilikuwa udongo usio na rutuba, na ile rutuba tuliyokuja kuiokoa tuliifukia kwa mikono yetu.

Upana wa ngazi ni uamuzi wa rutuba kama ulivyo uamuzi wa maji. Kwenye mteremko uleule, ngazi ya mita 1 hukatwa robo mita tu upande wa nyuma. Ni finyu na inachosha kuilima, lakini mahali ambapo udongo mweusi ni haba inaweza kuwa afadhali, na pengine mistari ya majani au fanya juu (mtaro wa kontua ambao udongo wake hutupwa upande wa juu), ambayo huacha ardhi ijisawazishe polepole kwa miaka, ingetufaa kuliko ngazi za kuchimbwa kwa msimu mmoja. Hatukulijadili hilo kwa sababu mafunzo yalikuwa ya ngazi, vifaa vilikuwa vya ngazi, na ahadi ilikuwa ya mita za ngazi.

Ahadi hiyo ndiyo iliyozaa utaratibu wa kuchimba ngazi zote kwa wakati mmoja. Kundi linalongoja ngazi ya chini imalizike ili limwage udongo wake mweusi juu yake huwa limekaa bure, na mita zake hazihesabiki. Hakuna mtu katika kikundi aliyekuwa mvivu au mjinga. Walifanya kile kilicholipwa. Mradi ambao ungeahidi vifaa kwa kila ngazi iliyorudishiwa udongo wake mweusi ungepata ngazi chache zaidi na kisa hiki kisingeandikwa.

Kuhusu mimi mwenyewe, sikuchimba shimo la kuangalia kina cha udongo, na sikuuliza kwa nini wazee walinyamaza. Nilikuwa nimejifunza kwamba watu wa Uluguru walizikataa ngazi za mkoloni kwa sababu ya kulazimishwa, jambo ambalo ni kweli, na nikahitimisha kwamba pasipo kulazimishwa hakuna tatizo. Mjomba alikuwa na sababu ya pili ambayo aliirithi kwa waliochimba: ngazi zile za zamani nazo zilitoa udongo mwekundu juu. Angeniambia mwezi wa Septemba kama ningemuuliza kuhusu udongo badala ya kumwomba ruhusa.

Uchambuzi: kilichosaidia, na suala lililobaki

Pembe ya kaburi ilitusaidia kuliko kitu kingine chochote, na haikuwa wazo letu. Kwa kuwa ilikuwa na mbegu ileile, mvua ileile na mikono ileile, ilifunga mjadala kuhusu mbegu mbovu au ukame, mjadala ambao kwa kawaida hula msimu mzima. Tangu hapo sikubali kuchimba shamba lote. Huacha kipande kisichoguswa, na nikiulizwa sababu husema ni cha kulinganishia, ingawa moyoni najua nilikipata wapi. La pili lililosaidia ni kwamba mkulima aligawa hasara: alijaribu mambo mapya mahali ambapo hakuwa akivuna, akaendelea kula kutoka mahali pengine, na kwa hiyo hakuna jaribio lililomnyima mlo.

Suala ambalo hatukulitatua ni la ardhi yenyewe. Mkulima huyu aliweza kungoja miaka minne kwa sababu shamba ni la ukoo wake na litabaki kwa binti zake. Jirani yake ni kijana anayelima kwa kuazima, kwenye mteremko mkali zaidi, na udongo wake unashuka kila masika. Alipoomba kuchimba ngazi, ukoo unaomwazima ulikataa, kwa kuwa ngazi huonekana kama mti wa kudumu: anayeichimba anaweza kuja kudai kwamba shamba ni lake. Mazungumzo yalichukua miezi, mjomba akiwa mmoja wa waliosuluhisha, na makubaliano yakawa kwamba kijana anaweza kupanda mistari ya mabingobingo lakini asichimbe. Majani, walisema wazee, yanaweza kung'olewa siku moja. Kijana ameshapanda mistari mitatu kwa vipande alivyopewa kutoka kingo za ngazi za jirani yake, na wa chini umeanza kuzuia udongo mweusi kiasi cha kiganja.